Hatua Mbili Kutoka Mkekani

Laiti ningekataa siku ile mwenzangu mrefu aliponiwekea lenzi yake mapajani na kusema tubadilishane. Ilikuwa Jumamosi, wiki moja kabla ya harusi ya binti yangu wa kwanza. Hakunilazimisha. Nilikubali mwenyewe, huku nikicheka.

Sisi wapiga picha wa Kampemba, Jumamosi tunakaa kwenye ukuta mfupi mbele ya ofisi ya komini, yaani manispaa, inakofungishwa ndoa, tukingoja maharusi watoke kutia sahihi. Kungoja kunachukua muda mrefu kuliko kupiga picha, na katika kungoja huko hatuzungumzi siasa wala mpira. Tunazungumza lenzi. Nani amepata mpya, nani anajuta, ya nani imeingia vumbi. Nimeona watu wazima wakigombana asubuhi nzima juu ya kioo kisichozidi kifuniko cha chupa.

Yangu tuliiita Hamsini, kwa sababu ya namba iliyoandikwa ubavuni. Haivuti mbali wala karibu. Ukitaka sura ya mtu, unamfuata kwa miguu.

"Muzee, hiyo lenzi yako iko kama jicho ya kuku," mrefu alinitania siku hiyo. "Ukitaka sura ya bibi-harusi, mpaka ukanyage nguo yake!"

"Nilikanyaga mara moja tu," nikajibu.

"Mara mbili," akadakia mama mmoja mnene, mpiga picha mwenzetu. "Ya pili njo nguo ilipasuka. Nilikuwa pale."

Mama huyu kamera yake ameifunga utepe mweusi mgongoni, na amefanya nayo kazi tangu kitinda mimba wake alipokuwa wa kubebwa. Tulikuwa tukimuuliza lini atanunua nyingine.

"Ninunue ya nini?" alikuwa akijibu. "Hii inajua kazi. Mimi njo ningali ninajifunza."

Lenzi ya mrefu ilikuwa ndefu kama mchi, ameipata kwa mfanyabiashara anayekwenda na kurudi Mokambo, mbali kule mpakani. Niliifunga kwenye kamera yangu nikaielekeza ng'ambo ya barabara. Pale alikuwapo muuza karanga, mbali, na mimi nikaona hereni yake ikitikisika. Nikaona chembe ya ganda la karanga mdomoni mwake. Moyo ukanipiga kama wa kijana. Mrefu alikuwa amechoka kubeba uzito ule, akatamani Hamsini yangu nyepesi. Tukabadilishana palepale, mkono kwa mkono.

"Papa ya bibi-harusi," mama akaniuliza, "na ile bomba utasimama wapi siku ya mutoto wako? Ku Mokambo?"

Tulicheka mpaka mlinzi akatoka kutuangalia. Kisha mama akasema kwa sauti ya chini, "Acha mimi nipige ile siku. Wewe ukae muzazi."

Nilimjibu kwamba nitakuwa mzazi na mpiga picha pamoja. Kwa Hamsini ningeweza. Ingenilazimu kusimama hatua mbili kutoka mkekani, na zamu yangu ikifika ningeiacha kamera ining'inie kifuani.

Maana kwetu, watu ambao wazee wetu walitoka Kasai, binti anapoondoka nyumbani huketi mkekani na mume wake. Mashangazi wanaimba. Katikati ya wimbo baba anachovya kidole gumba katika pemba, ule udongo mweupe, anampaka binti kwenye paji la uso na kusema neno lake. Wimbo ukianza haukatwi, na pemba haipakwi wala neno halisemwi mara mbili. Binti yangu alikuwa ameniomba, "Papa, usilete discours ndefu. Sema tu yako, kifupi." Mwezi mzima nililitafuta neno hilo, nikalipata: Nenda ukacheke kwako kama ulivyocheka kwangu. Hilo tu.

Siku ikafika, uani kwetu, mtaani Bel-Air, chini ya turubai la bluu. Nilipiga picha ya kwanza karibu na mkeka, nikaona ukungu mtupu: lenzi ile haikubali mtu aliye karibu. Nikarudi nyuma hatua tano. Ikawa pua na jicho moja. Nikarudi tena, na tena, mpaka mgongo ukagusa geti. Hapo wageni wakanifunika, nikapanda juu ya kreti tupu ya bia.

Sitasema uongo, nilifurahi mno. Kutoka juu ya kreti ile niliuvuta ua wote machoni mwangu. Mke wangu akicheza na sahani ya kuku mkononi bila kumwaga hata mchuzi. Mzee wa upande wa bwana-harusi akificha soda ya pili ndani ya koti. Nilikuwa nacheka peke yangu, jicho moja limefumbwa, na spika kubwa ikinguruma sikioni.

Wimbo wa mashangazi sikuusikia ukianza. Niliwaona midomo ikienda tu. Nikauvuta uso wa binti yangu mpaka ukajaa. Alikuwa amefumba macho. Kisha kidole cheupe kikaingia kutoka pembeni, polepole, na mwanga ukakipiga vizuri ajabu. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena na tena. Nikaifungua lenzi kidogo ili nipate mkono wote, nikaiona saa yenye mkanda wa kijani. Saa ya mdogo wangu.

Niliruka chini kutoka kwenye kreti. Nilipofika mkekani, vigelegele vilikuwa vimekwisha pigwa.

"Yaya, mukubwa wangu, tulikuita mpaka koo ikakauka," mdogo wangu akasema, kidole bado cheupe. "Wimbo ulikuwa unaisha. Ningefanya nini?"

Nilimtazama shangazi mkubwa. Akatikisa kichwa. Binti yangu akafumbua macho, akaniona natweta, lenzi inaning'inia kama mkonga wa tembo. Mama mnene alikuwa ameketi nyuma yake, na utani wake alikuwa ameshausambaza.

"Papa," akasema binti, "ulikuwa ku Mokambo?"

Watu wote uani wakaangua kicheko, nami nikacheka, kwa sababu kicheko chake hakuna awezaye kukikataa. Tukacheza mpaka soli ya kiatu changu ikabanduka.

Jumamosi iliyofuata mrefu alinirudishia Hamsini bila kuombwa, pamoja na picha aliyoipiga nayo akiwa mgeni, hatua mbili kutoka mkekani. Kidole kinagusa paji. Mbali, juu ya vichwa vya watu, niko mimi kwenye kreti, jicho moja limefumbwa, meno yote nje. Mama mnene aliitazama, akacheka hadi machozi. Ni picha nzuri. Imo ukutani kwangu, na Hamsini nipo nayo hadi leo, sitaki nyingine.

Lakini kosa ni langu, si la lenzi. Binti yangu aliondoka nyumbani kwangu akiwa amebarikiwa na mtu mwingine, na neno nililomtafutia mwezi mzima sikumwambia.