Madini Joto Darasani Kichiwa

Siku yangu ya kwanza kazini kama mwalimu wa kemia, katika sekondari moja ya Mahongole, Makambako, Mkuu wa Shule alinionyesha chumba alichokiita maabara. Kilikuwa na meza na kabati lenye chupa chache. Akaniambia wanafunzi wanafeli kemia na hataki kusikia habari za vifaa. Nikamjibu kwamba nitaanza na kilichopo.

Kilichokuwepo ni fuwele nyeusi za iodini. Nilizipasha moto taratibu, madirisha yakiwa wazi, ukapanda mvuke wa zambarau, wanafunzi wakainuka kuutazama. Ndipo nikachora atomu yake: protoni hamsini na tatu ndani ya kiini, na elektroni idadi hiyohiyo zikikizunguka kwa ngazi. Ngazi ya nje ina elektroni saba, nayo hutulia ikipata ya nane. Nikawaeleza kwamba kwa sababu hiyo huikuti iodini imekaa peke yake ardhini. Hushikana na elementi nyingine.

Baadaye nilihamishiwa shule ya kijijini Kichiwa. Jirani yangu, Mama Upendo, mkulima wa viazi, alikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, na alilificha kwa kitenge hata kanisani. Watu walisema ni mambo ya ukoo wao. Wakati huo alikuwa mjamzito, nami sikuweza kukaa kimya. Mvua za milimani husomba iodini udongoni. Tezi ikiikosa huvimba, na mtoto aliye tumboni huihitaji ili ubongo wake ukue. Kwenye chumvi tunaiita madini joto, lakini kijijini wengi walinunua chumvi ya kupimiwa kwa kopo dukani, isiyo na madini hayo.

Zahanati ilinipa dawa ya matone ambayo hugeuza chumvi yenye madini joto kuwa ya bluu. Nikawaagiza wanafunzi walete chumvi za nyumbani kwao. Karibu zote zilibaki nyeupe. Mkuu wa Shule wa pale akaniita ofisini.

“Mwalimu, mtihani hauulizi chumvi za majumbani.”

“Unauliza iodini, Mkuu. Naomba nafasi kwenye kikao cha wazazi.”

Alisita, kisha akakubali, ila akanionya nisimwaibishe mtu.

Kikaoni nilisalimu, “Kamwene,” nikaeleza, nikapima chumvi ya kwangu. Ikawa bluu. Watu walitazama tu. Mama Upendo akainuka, akafungua kitenge mbele ya wote, akanikabidhi chumvi aliyoifunga kwenye karatasi.

“Nipimie na yangu, Mwalimu.”

Ilibaki nyeupe. Hakuna aliyecheka. Wiki hiyo akina mama walimwendea mwenye duka kwa pamoja, na akaleta chumvi ya pakiti. Mama Upendo alianza kliniki, akajifungua mtoto wa kiume mwenye afya. Rovu halikuisha, ila liliacha kukua. Nilipomsikitikia aliniambia, “Hili niachie mimi. Mtoto ananyonya vizuri.”

Sasa nimestaafu, naishi Makambako. Walimu vijana hunijia wakilalamika kwamba hawana maabara, na malalamiko yao ni ya haki. Nawasikiliza mpaka wamalize, kisha nawauliza: watu wa pale mnapofundisha wanakula nini, wanakunywa nini na wanaugua nini? Wakishajibu, tunakaa mezani kuandaa kipindi cha kesho.