Maji ya Jiwe la Baba Mkwe

Nimezunguka Kalemie, Kigoma, hata Mpulungu, na kote huko nikitaja kwamba natoka Uvira hutokea mtu wa kuuliza kama namjua yule jamaa wa mtaa wa Songo aliyekunywa maji ya samaki mbele ya waasi. Namjua sana. Ndiye mimi, na aibu yake sijaimaliza.

Ilikuwa miaka ya uasi. Baba yake Furaha, mchumba wangu, alikimbilia Bujumbura, akamwacha Furaha kwa shangazi yake, na mimi akaniachia akwariamu yake: sanduku kubwa la kioo, samaki wadogo wa ziwani, na jiwe moja lililofunikwa na sifongo hai la kijani (ndiyo, ni kiumbe, linakula na linakufa). Alishabeba begi aliponiambia, "Kijana, weye ukishindwa kuchunga jiwe, mtoto wangu utamuchunga namna gani?"

Maji yake yalitakiwa yatoke ziwani. Sasa siku moja askari wakafunga njia ya ufukweni, nami nikajisemea maji ni maji, nikajaza ya bomba, na kulipokucha sifongo lilikuwa na madoa meupe kama limemwagiwa unga. Nikapunguza mwanga, wapi. Nikasugua kioo, wapi. Weupe unaenea tu, na mimi namwona Furaha akiolewa na mwingine. Mwishowe rafiki yangu infirmier, muuguzi wa hospitali, akainama, akanusa.

"Ndugu, iko inanuka javel, ile dawa ya kuua vidudu! Mayi ya robinet iko na dawa. Weka mayi mu basani, kwenye jua, dawa itoke, halafu ubadilishe kidogo kidogo."

Basi nikapanga mabeseni uani, nikakaa nayachungulia kama mgonjwa wangu. Jirani, Mama Neema, akauliza juu ya ua:

"Baba, ile mayi ni ya nini?"

"Ni mayi ya dawa, mama."

"Ya kulinda?"

"Ya kulinda, ndiyo. Bila hiyo watakufa wote." (Nilimaanisha samaki.)

Miaka ile, kule milimani, vijana waliopigana na waasi walikuwa wakinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zigeuke maji. Mtaa mzima ulilijua hilo. Mimi peke yangu, kichwa kimejaa sifongo, nilisahau. Jioni uani kwangu kukawa na foleni, Mama Neema mbele, ameshika shati la mwanawe mkubwa.

"Nyunyizia tu hii, baba. Mwenyewe wamemupeleka mbali, kwenye vita."

Papo hapo waasi wakaingia, kamanda mbele.

"Njo weye docteur wa mayi?"

"Hapana, commandant! Hii mayi iko ya jiwe!"

"Ya jiwe?" Akawageukia askari wake. "Mulisikia? Huyu ananyunyizia mpaka mawe!"

Nikamwingiza ndani, nikamwonyesha samaki. Akachota kikombe humo humo akanipa: kama si dawa, kunywa. Nikanywa, na konokono mmoja mdogo akapita naye, nikashikwa na kwikwi, halafu nikatapika juu ya buti zake. Hakuna aliyecheka. Akashika bunduki.

"Sasa tuone kama risasi inageuka mayi."

Hapo Furaha akapenya katikati ya watu, mikono kiunoni.

"Commandant, huyu? Huyu papa alimuachia jiwe moja tu achunge, na ameiua! Muntu anashindwa kuponya jiwe, ataweza risasi?"

Kamanda akatazama jiwe jeupe, akatazama kidevu changu chenye matapishi, akacheka mpaka akaegemea mlango. Foleni nzima ikacheka naye. Wakamwaga mabeseni, wakaenda.

Mama Neema peke yake hakucheka. Nikamwambia, "Mama, ni mayi tu."

"Ninajua, baba. Nyunyizia."

Nikachovya vidole kwenye maji yaliyobaki chini ya beseni moja, nikanyunyizia lile shati mbele na nyuma, kola hadi mikono.

Furaha nilimwoa, na jiwe likarudi kijani, upande mmoja. Lakini tangu siku ile mtu akiuliza habari za beseni langu, hata nikiwa nanawa uso, najibu kwa sauti mtaa mzima usikie: nguo! Ni mayi ya kufulia nguo!