Kuku wa Bi. Rukia Walivyohamia Dakani

Siku yangu ya kwanza kazini kisiwani Mombasa, Afisa Mifugo wa Wilaya alinikabidhi chupa ya chai isiyo na chai. "Nenda Liwatoni kwa wavuvi ukaijaze barafu," akaniambia, "halafu urudi nikutilie chanjo." Nilikuwa nimefika kutoka Kaloleni, viatu vingali na vumbi jekundu, nami sikuona haya kumuuliza barafu ya samaki inahusiana vipi na kuku. Akanieleza kwamba chanjo ya kideri haistahimili joto. Ikipigwa na jua hufa, na ukimtonesha kuku jichoni chanjo iliyokufa umemtonesha maji matupu. Basi watu wa Liwatoni wakanijua kabla wafugaji hawajanijua.

Kwa wale wasiokijua kideri, ni ugonjwa unaofagia kuku kwa mafungu. Kuku huzubaa, huharisha kijani, shingo hupinda, na habari yake imekwisha. Dawa hakuna. Kuna chanjo, na kuna akili ya mfugaji.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Kwanza nilipangiwa Shimanzi, mahali ambapo malori yalimwaga mahindi njiani na kuku wa walinzi wa maghala wakanenepa bila mwenyewe kutoa punje. Walinzi walinicheka nilipowaambia wawafunge. Niliwaonyesha manyoya yaliyobandikwa kwenye lami na tairi, wakaanza kuwafunga. Kule sikuwa na mjadala: mfunge kuku wako, umwokotee mahindi umpelekee bandani. Leo vijana huniuliza kama ni vizuri kuwaachia kuku watembee, nami huwauliza watembee wapi.

Kisha nikahamishiwa Mji wa Kale. Kule kuku walifugwa uani, na uani ni kwa wanawake. Wenzangu wanaume walikuwa wakiishia mlangoni, wakiulizia hali ya kuku wasiowaona. Mimi nilipiga hodi nikapita. Hawakuchukua muda kunipa jina, Bi. Mifugo, na mpaka leo nalipenda kuliko vyeo vyote nilivyopewa na serikali.

Nyumba niliyoizoea zaidi ilikuwa ya Bi. Rukia, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuamrisha na mkono wa kutoa. Kuku wake walitoka alfajiri, wakapekua kichochoro kizima, na magharibi wakarudi wenyewe. Alikuwa akimlea mjukuu wake Salma tangu mama yake Salma alipofariki. Sasa Salma alikuwa anaolewa, na Bi. Rukia alikuwa ameapa kwamba kuku wa kupaka wa bwana na bibi harusi watatoka katika kuku wake mwenyewe, aliowaangua na kuwalea kwa mkono wake. "Mamake angaliwafanyia," aliniambia. "Hayupo, ntafanya mie."

Harusi ikiwa karibu, kideri kikaingia ng'ambo ya pili. Afisa akatuita ofisini. "Kila kuku wa kisiwani afungiwe," akasema. "Sitaki kusikia hiki wala kile."

Nikaenda moja kwa moja kwa Bi. Rukia.

"Sabalkheri, Bi. Rukia."

"Sabalkheri, mwanangu, pita. Leo waja na lipi?"

Nikamweleza. Akakunja uso. "Kuku wangu hawajafungwa tangu enzi za mamangu. Ukiwafunga wadonoana. Lakini kwa harusi ya Salma sitaki ubishi. Wakirudi magharibi ntawatia bandani pamoja na wale wa Marikiti."

"Wa Marikiti?"

Akanyoosha kidole. Ndani ya banda, pembeni mwa ua, kulikuwa na kuku wageni. Mwanawe alikuwa amewanunua asubuhi ile Marikiti ili waalikwa watosheke. Wangefungiwa siku tatu kabla ya kuchinjwa, wakilishwa chakula safi, maana kuku aliyezurura hujui amedonoa uchafu gani, na haifai kumchinja hivi hivi. Ni desturi nzuri, na mimi Mkristo wa Kaloleni nimeifuata jikoni kwangu maisha yangu yote. Lakini kuku wa sokoni hutoka kila upande, wakabanwa tenga moja na wasiowajua. Kama kideri kimevuka maji, basi kimevuka ndani ya tenga lile. Na kuku wa Bi. Rukia wangelala humo humo, wakinywa bakuli moja na wale wageni. Niliwahi kuwachanja, ndiyo, lakini zamani kidogo, na nguvu ya chanjo hupungua, na mpya huchukua siku nyingi kushika.

Kichochoro nilikijua nyumba kwa nyumba. Hakuna mwingine aliyeingiza kuku kutoka nje. Hatari haikuwa njiani, ilikuwa uani, na amri ya mkubwa wangu ilikuwa inawaingiza humo.

"Bi. Rukia," nikasema, "hawa wa Marikiti wabaki hapa. Wako wasitie mguu uani. Walale dakani."

Daka ni ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za mawe, mahali pa kupokelea watu wa heshima.

"Dakani? Na watu wakija wakae wapi?"

"Wasimame."

Akanikazia macho. "Na wakifa jee, Bi. Mifugo?"

"Wakifa uje unishike mimi. Walishe wako kwanza, ndipo uende kwa wale, kisha unawe mikono na miguu. Na wasirudi uani mpaka nije mwenyewe nikwambie."

Kesho yake Afisa akapita kukagua, akawakuta kuku wamejipanga barazani kama wazee wa mtaa. Akaniita.

"Kadzo, amri yangu niliitoa kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili, mzee. Wanaostahili kufungwa wamefungwa, wako uani."

"Mimi nawaona hawa."

"Wale ni mpaka uingie ndani."

Hakuweza kuingia, na alijua. Sauti ya Bi. Rukia ikatoka nyuma ya mlango: "Bwana Afisa, yeye ndiye aloingia akaona. Mwache."

Afisa akashusha sauti. "Kuku mmoja wa hapa akipinda shingo, utarudi Kaloleni ukachunge mbuzi."

Kaloleni sikuiogopa, ni kwetu. Nilimwogopea Bi. Rukia. Kuku wale wakifa, yatima wake angeolewa na ahadi iliyovunjika, na mimi ndiye niliyemwambia aniamini.

Siku iliyofuata kuku mmoja wa Marikiti akazubaa. Baadaye shingo ikapinda, wakafuata wenziwe, na ndani ya siku chache wote walikuwa wamekufa. Bi. Rukia akamtoa mmoja mlangoni ndani ya gunia ili Afisa ajionee. Afisa akamtazama, akawatazama wale wa dakani wakigombania punje za mchele. "Waache nje," akasema, akaenda zake. Namsifu kwa jambo moja: tangu siku hiyo, kila alipotutuma mtaani, alitwambia tuulize kwanza nani kanunua kuku.

Waliochaguliwa kwa harusi walifungiwa siku zao kwenye tenga jipya, hapo hapo dakani. Nilialikwa, nikakaa na wanawake, nikaona sinia la Salma likipita mbele yangu linanukia nazi. Bi. Rukia akaja ubavuni pangu. Akanifinya mkono, nami nikalia kama mama wa bibi harusi.

Muda si mrefu nikahamishwa kwenda bara, chini ya wakubwa wengine. Nilihamahama hivyo mpaka nikastaafu na kurudi Kaloleni, nikafuga wangu. Wangu nawaachia watembee, kwa sababu nimetembea wanakotembea.

Hivi karibuni nikashuka Mombasa, nikapiga hodi nyumba ile. Salma akanifungulia, mama mtu mzima sasa. Aliniambia Bi. Rukia alikwisha kutangulia. Nikaomba nione uani. Banda lilikuwa limepakwa chokaa, safi, halina hata unyoya.

"Kwani siku hizi hamfugi?"

"Mbona umewapita mlangoni?"

Nikarudi nikatazama. Vitukuu wa kuku wale walikuwa barazani, kila mmoja mahali pake.

"Banda bibi alilisafisha kila mwaka," Salma akasema, "lakini hakukubali warudi. Alisema Bi. Mifugo hajaja kutupa ruhusa."

Nikakaa pale dakani katikati ya kuku, nikamlilia Bi. Rukia. Kisha nikafuta machozi nikamwambia Salma awafungulie uani.