Marahaba Iliyonikaa Mdomoni

Nakumbuka ule mwaka tuliokula ugali wa mahindi ya njano ya msaada kwa mboga ya mchunga, chungu, isiyotiwa hata tui. Mwanangu, ukitaka umri wangu hesabia hapo. Shule mimi niliiona paa tu.

Lakini mbio nilikuwa nazo. Toka Msambweni mpaka Kikoneni hapakuwa na mvulana wa kunigusa kisigino. Siku moja mama alinituma kwa shangazi kuchukua mbegu za kunde. Njiani, kizingitini pake, alikaa jirani yetu Bi Mishi, mkongwe asiye na mume wala mtoto. Nikampita kama upepo, bila shikamoo. Wakati wa kurudi akaniita.

"We swala! Kwani mimi nimekufa?"

"La, bibi. Nilikuwa na haraka."

"Marahaba yako nimekaa nayo mdomoni tangu asubuhi. Sasa nimeimeza. Mbio zako zitarithiwa, na haraka yako nayo."

Nikaenda zangu nikicheka. Wiki haikwisha, tukamzika.

Mbio zikarithiwa kweli. Mjukuu wangu Mwanamisi, niliyemlea mimi mama yake alipofariki, amewashinda wasichana wa dunia nzima. Sasa anaishi Ulaya. Ramadhani nne hajatia mguu hapa. Akipiga simu ni, "Bibi, nina haraka, nitakupigia." Basi, imekatika.

Mwaka jana watu wa hoteli wakamsimamishia sanamu ya shaba ufukweni Diani. Yeye hakuja. Mimi nikapelekwa kwa gari, nikaketishwa mbele na leso mpya. Kitambaa kilichoifunika sanamu kilipoondolewa nikaisogelea. Viatu wamemvisha, na mtoto yule nimemlea pekupeku! Nikamshika kisigino. Kilichoma kwa jua. Uso unatazama mbele, haugeuki. Nikasimama pale mjinga mimi, nangoja shikamoo, marahaba imenikaa mdomoni kama kokwa. Watu wanapiga picha. Ndipo nikamjua Bi Mishi.

Juzi amekuja kijana wa hoteli, ana adabu zake.

"Shikamoo bibi. Wageni wanataka picha yako na sanamu ya bingwa. Jumamosi gari litakuja."

"Marahaba. Siendi. Mwambieni aje kunipa shikamoo yangu hapa mlangoni."

"Lakini bibi, yuko mbali."

"Miguu si anayo? Si ndiyo mmeichonga?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Mwanangu, kimbia, sikukatazi. Mnasema haraka haina baraka. Mimi nasema haina watu. Ukipita mlango wa mzee, punguza mwendo, umwamkie, ungoje akuitikie. Salamu haimchelewishi mtu, na marahaba haiwekwi akiba. Mola akupe miguu myepesi, na moyo usiopotea njia ya kwenu. Amina.

Jumamosi ni kesho. Kijana akija, chai atakunywa na muhogo atakula. Jibu langu analijua: Siendi. Mwambieni aje kunipa shikamoo yangu hapa mlangoni.