Aliyeacha Kazi kwa Kiingereza

Juzi, nikinywa chai kwa mama lishe kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, nilimsikia mchimbaji akikariri maneno ya Kiingereza ya kuacha kazi. Anataka kwenda Kahama kujifunza ushonaji.

"Si umwambie bosi kwa Kisukuma?" nikamuuliza.

"Bosi ni baba yangu mdogo. Kwa Kisukuma nitaona aibu."

Mara bosi mwenyewe akatokea. Jamaa akavua kofia, akainama, akamwaga Kiingereza chote bila kukwama. Mzee, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, akamsikiliza kwa upole, kisha akamgusa kichwani.

"Marahaba, mwanangu. Haya, shuka duarani."

Jamaa akabeba sururu, akashuka shimoni. Kwa Kiingereza ameshaacha kazi. Kwa Kisukuma bado anachimba.