Kina Mama Walioketi Shuleni

Harufu ya mti wa mtarakwa haizeeki. Juzi binti mmoja wa ofisi ya mambo ya kale, Kendi, aliyetumwa kukagua kama shule yetu ya zamani inafaa kuhifadhiwa, alipanda ngazi hadi kwenye paa lake, akashuka na kigae kimoja cha mbao. Alikivunja aone kama kimeoza. Hakikuwa kimeoza. Harufu ilinifikia barazani, kali na tamu kama penseli iliyochongwa sasa hivi, na mimi mwalimu mstaafu nikawa tena msichana wa darasa la pili.

Shule hiyo imesimama kwenye mteremko juu ya mto, upande wetu wa Mikinduri. Kuta zake ni mawe ya mtoni yaliyoshikwa kwa udongo mwekundu, nene kiasi kwamba mtoto angekaa dirishani na kukunja miguu bila kuanguka. Vigae vyake vilichongwa kwa shoka na kulaliana kama manyoya ya kuku. Mvua ikinyesha, humo ndani husikii kelele, na Mwalimu huendelea na hesabu. Mimi nimefundisha chini ya mabati miaka mingi, nikisubiri mvua ikome ndipo niseme. Asinieleze mtu habari za maendeleo ya mabati.

Mwaka ule nikiwa darasa la pili, wazee wa kamati waliamua shule ibomolewe, mawe yavushwe mto, na ijengwe nyingine sokoni. Fundi akaitwa. Alifika asubuhi na vijana wake na mitaimbo, akakuta kina mama wa kanisa wamejaa ndani wakiimba.

Ni lazima nikueleze desturi yetu. Katika ibada ya kina mama, anayesimama kutoa ushuhuda hakatizwi, hata na mchungaji. Na akimaliza, mwingine akisimama kabla pambio halijaisha, zamu ni yake. Fundi alikuwa mtu aliyeokoka. Alijua.

Alivua kofia mlangoni. "Bwana asifiwe, kina mama."

"Amina!"

"Mnamaliza saa ngapi?"

"Roho akituachilia," mama yangu akajibu.

Aliyekuwa amesimama ni Mama Nkatha, jirani yetu. Alianza na harusi ya wazazi wake, akapita kwenye ng'ombe aliyeugua, akafika kwenye kuzaliwa kwake mwenyewe, kisha akakumbuka kwamba hakumaliza habari za ng'ombe. Sisi watoto tulining'inia madirishani tukiziba midomo. Jua lilipokuwa utosini bado alikuwa hajaokoka.

"Mama," fundi akasihi, "si ungeokoka haraka kidogo, tufanye kazi?"

"Mwanangu, dhambi zangu zilikuwa nyingi. Ngoja."

Baba yangu alikuja na wazee wenzake. Alisimama uani akamwita mama yangu, "Mama Kagwiria! Toka huko, watu wanakucheka!" Mama alianzisha pambio, na wenzake wakalipokea kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto. Baba aliita tena, kisha akaenda kujitafutia chakula. Sisi wasichana tuliwapitishia kina mama githeri ya mahindi na maharagwe dirishani.

Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo. Siku hiyo fundi alichoka kusimama, akaingia, akaketi nyuma, na mwishowe akainuka akatoa ushuhuda wake mwenyewe, akalia. Akatoka akawaambia vijana wake wakusanye mitaimbo. Hangeweza, alisema, kubomoa ukuta alioshuhudia ndani yake. Kisha masika yakaanza, mto ukabeba daraja la magogo, na wazee wakatangaza kwamba ni mapenzi ya Mungu shule ibaki. Kina mama hawakubisha.

Kwa miaka mingi niliamini walikuwa wameipenda sana ile nyumba. Nilipokuwa mwalimu nilimwuliza mama. Alinicheka.

"Nyumba? Mawe yale niliyabeba kwa mgongo, kamba kichwani. Wangejenga mpya hapo hapo ningewasaidia kubomoa."

"Kwa nini basi?"

"Mto. Wavulana wangevuka. Wewe baba yako hangekuruhusu."

Ndivyo nilivyomweleza Kendi pale barazani, Muriuki akitusikiliza. Muriuki ni mwenyekiti wa kamati ya shule sasa. Nilimfundisha kusoma ndani ya kuta hizo, na anataka kuzibomoa apate nafasi ya ghorofa.

"Mwalimu, umenisaidia," akasema akitabasamu. "Kumbe hata wao hawakujali nyumba. Walitaka shule tu. Na mimi naleta shule, hapa hapa. Hakuna msichana atakayevuka mto."

Namshukuru Mungu aliyenipa subira, maana niliihitaji yote. Na kijana alikuwa na hoja. Ndipo nilipomwambia jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa.

Siku ile ya kwanza, ushuhuda ukiendelea, niliona mama yangu ameketi kwenye dawati langu. Alikuwa akipitisha kidole kwenye tundu la kuwekea wino, taratibu, akilizunguka. Nilimwonea haya. Nilidhani hakujua dawati linatumiwaje, na nikaomba wenzangu wasimwone. Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu nilipotambua kwamba yeye na wenzake walibeba kila jiwe la nyumba ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuketi ndani yake. Mlango ukishapachikwa, waliambiwa warudi shambani. Siku hizo mbili za ibada ndizo siku zao zote za shule.

"Nyanya yako, Mama Nkatha, aliketi pale, karibu na dirisha," nikamwambia Muriuki. "Shamba la shule ni kubwa. Ghorofa lako lijenge kule nyuma, nami nitalitolea sadaka. Nyumba hii huigusi."

Kendi alifungua utepe wake wa kupimia na kuuliza nani amshikie ncha ya pili. Muriuki alisita, akatazama dirisha lile, akasema ana mkutano, akaondoka. Nikaishika mimi. Tulianza na ukuta unaoelekea mto.