Jicho la Mama Kwenye Simu Yangu

Ujumbe wa kwanza ulinikuta Makole, mjini ninakoishi, nimesimama kwenye foleni ya chipsi baada ya kazi. "Habari! Umepaka dawa yako ya macho leo? Jibu 1 kwa NDIYO, 2 kwa HAPANA." Nikadhani wamekosea namba. Macho yangu hayana shida yoyote, na foleni ilikuwa inasogea.

Kesho yake, saa moja jioni kama jana, ukaja tena. Hapo nikakumbuka kwamba wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa amempeleka mama kwenye kambi ya macho.

Mama anaishi kijijini, mbele ya Chamwino, mahali ambapo kiangazi upepo huamka na vumbi na kulala nalo. Ana ugonjwa wa vikope tangu sijazaliwa. Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani na kila akipepesa zinakwangua mboni. Dawa yake ya miaka yote ilikuwa kibano cha bati alichokining'iniza shingoni kwa uzi, cha kung'olea kope moja moja. Mavuno yaliyopita, wakati wa kuchagua karanga za mbegu, niliona anazisogeza hadi karibu na pua. Jicho la kulia lilikuwa bado linahimili. La kushoto lilishaanza kuweka ukungu.

Kwenye kambi walimpasua ukope wa kushoto na kuugeuza nje. Muuguzi akampa tyubu ya dawa ya kupaka, asubuhi na jioni, akamwambia kidonda kikiingia uchafu kope zitarudi ndani na kazi yote itakuwa bure. Kisha akaja kijana wa utafiti na kishikwambi chake. Walikuwa wanataka kujua kama mgonjwa akikumbushwa kwa simu atapaka dawa vizuri zaidi. Akaomba namba. Mama hana simu. Wifi ana kitochi ambacho nusu ya wiki kinakaa kwa mwenye sola kikisubiri chaji. Kwa hiyo mama akamwelekeza wifi ataje namba yangu, maana, alivyosema, "simu ya mjini haizimiki".

Ndivyo nilivyokuwa mgonjwa wa macho.

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali na kuyapeleka majibu redioni, kwa hiyo swali likiulizwa vizuri nalijibu. Nilimpigia wifi. Hapatikani. Huko kwao mtandao unashika karibu na kisima tu, akienda kuchota maji. Kwa kuwa sikujua kama mama amepaka au hajapaka, nikajibu 2. Simu ikaniambia: "Usikate tamaa. Kumbuka kupaka kesho." Siku nyingine nikaandika kwa maneno kwamba mgonjwa hayuko hapa, yuko kijijini, naomba mtu amwone. Ikajibu: "Jibu lako halijatambulika. Tafadhali jibu 1 au 2." Nikajibu 2, nikatiwa moyo tena.

Wifi alipopatikana nilimwomba ampe mama simu, nikamsomea ujumbe ulivyo.

"Nani huyo anayeuliza?" mama akasema.

"Ni mashine, mama. Ya watu wa utafiti."

"Haiamkii?"

"Inasema habari."

"Habari," akasema mama. "Mimi na umri huu naambiwa habari na mtu anayetaka kujua jicho langu. Mwambie ajifunze shikamoo kwanza, halafu nitamjibu."

"Lakini unapaka?"

"Napaka, napaka." Ilikuwa sauti ile ile aliyokuwa akituambia nayo zamani kwamba ameshakula.

Nikaendelea kujibu 2. Nilijiambia kwamba mahali fulani mtu ataona mgonjwa asiyepaka dawa siku hadi siku, ashtuke, atume mtu. Hakuna aliyeshtuka. Wifi alipokwenda tena kisimani aliniambia jicho linatoa uchafu na mama anakesha akilikandamiza na kitambaa. Siku hiyo hiyo nikaipigia namba ya utafiti.

Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Huwezi kumgombeza mtu wa namna ile.

"Dada, namwona hapa mama yako," akasema. "Anashiriki vizuri sana. Kila siku anajibu."

"Anajibu nani?"

"Mgonjwa."

"Anayejibu ni mimi, niko Makole. Na kila siku najibu hapana."

"Sawa, ila mfumo unaangalia kama amejibu. Alichojibu kitachambuliwa mwisho wa utafiti."

"Jicho nalo litasubiri mwisho wa utafiti?"

Kwa nia njema kabisa, akanieleza. Mfumo haukutengenezwa kwa ajili ya macho. Walianza nao kwa wanafunzi wa vyuo, wakiwauliza wamelalaje, wana msongo wa mawazo, wamekula. Wanafunzi walijibu mpaka watafiti wakashangaa. Ukaonekana mfumo mzuri, ukaletwa kwa wagonjwa wa vikope.

Niliwaza wanafunzi ninaowaona kila siku mjini, simu kiganjani hata wanapovuka barabara. Nikamuwaza mama na kibano chake.

"Ungekuwa hujibu kabisa," akaongeza, "siku zikipita mfumo ungempa taarifa mhudumu wa afya wa kijiji, angemfuata nyumbani."

"Unasema nimemharibia mama kwa kujibu."

"Siyo hivyo, dada. Ila kwa mfumo, mgonjwa anayejibu hana tatizo."

"Basi mtume mhudumu sasa hivi. Nimeshakwambia tatizo."

"Mimi sina hiyo ruhusa. Inatoka kwenye mfumo."

Jumamosi nikanunua tyubu tatu duka la dawa, nikapanda basi, kisha bodaboda. Nilimkuta mama kwenye kivuli cha nyumba, kitambaa jichoni. Tukaamkiana kwa salamu ya kwetu, mbukwenyi, nikaomba nione. Ukope ulikuwa umevimba na nyuzi za mshono zimezama kwenye usaha.

"Tyubu iko wapi?"

"Iliisha."

"Imeishaje mapema hivi?"

Wifi akaangalia pembeni. Watoto wake watatu walikuwa mlangoni, macho meupe, hayana hata tongotongo. Nikaelewa.

"Walikuwa wanaamka macho yamegandana," mama akasema. "Nijipake mimi, wao wananitazama?"

"Na mbuzi," mtoto mkubwa akasema.

"Mbuzi gani?"

"Yule mdogo alikuwa anatoka machozi," mama akasema. "Amepona, umwone."

Nilimwona. Macho yake yalikuwa safi kuliko ya mtu yeyote pale nyumbani. Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Nikampa mama tyubu yake, nikampa wifi ya watoto, ya tatu nikasema ni ya akiba.

"Ya mbuzi," mama akasema.

Nikampeleka kituo cha afya kwa bodaboda. Muuguzi akamsafisha, akamwanzishia vidonge. Alimulika jicho kwa muda mrefu, akasema mboni bado haijaguswa zaidi ya mwanzo, lakini kope mbili zimeshaanza kurudi ndani. Huenda akapasuliwa upya. Nikauliza kambi nyingine lini. Akasema wakiambiwa watatuambia. Cha maana ni kidonda kiangaliwe na mtu kwa karibu, asiachwe peke yake. Nikamwambia natumaini hilo linawezekana.

Jumapili jioni nilikuwa nimesharudi Makole. Saa moja simu ikalia. "Umepaka dawa yako ya macho leo?" Nilijua jibu, kwa mara ya kwanza. Wifi alikuwa ameniahidi kumsimamia, na asubuhi nilimwona mama akipaka. Kidole kilishaenda kwenye namba 1, nikakirudisha.

Sikujibu siku hiyo wala zilizofuata. Ikaanza kunibembeleza, kisha ikanionya.

Halafu wifi akapiga kutoka kisimani. "Amekuja mhudumu kuuliza kwa nini mama hajibu simu."

"Mama akasemaje?"

"Akamwambia hana simu. Yule akacheka, akalitazama jicho kwa tochi. Ameng'oa zile kope mbili vizuri, kasema atarudi. Mama anamsifu, eti huyu aliamkia."

Wamemweka kwenye orodha ya wanaofuatiliwa nyumbani, na ujumbe unaendelea kuja. Mhudumu amekwenda mara ya pili kwa sababu hatujibu. Kidonda kimekauka, ukungu uko palepale, kambi hatujaisikia. Kila saa moja jioni simu inalia, naisoma, naigeuza kifudifudi juu ya meza.